Kifurushi cha Chili cha Carroll Shelby, Jikoni kwa Fundi wa Tanga

Kifurushi ni cha rangi ya kaki, chepesi, hakizidi sana gramu 100. Nilikipita mara nyingi kwenye rafu ya viungo dukani hapa Dallas bila kukitazama, kwa sababu nyumbani kwetu bizari inatoka kwenye debe analoletewa mke wangu kutoka Mombasa, na mwanamke wa Mombasa humwambii habari ya viungo vya pakiti. Siku niliyosoma jina lililoandikwa juu yake ndiyo siku niliyokitia kwenye kikapu. Carroll Shelby.

Mimi ni fundi magari. Jina hilo la dereva na mtengenezaji magari wa Texas nalijua kwa boneti, sikujua kama liko na jikoni.

Nimekipika mara tano sasa, kwa namna tatu tofauti, na nina maneno ya kusema. Nawaandikia ndugu zetu walioko huku ughaibuni wanaokiona dukani wakajiuliza ni kitu gani, na pia wanaopenda magari popote walipo, maana kifurushi hiki hakielezeki bila kumweleza mwenye jina.

Ndani mna pakiti nne. Kubwa ni ya viungo vilivyosagwa na kuchanganywa: pilipili nyekundu, bizari nyembamba, oregano, kitunguu maji na kitunguu saumu. Ya pili ni unga wa mahindi uitwao masa. Ya tatu ni chumvi. Ya nne, ndogo kuliko zote, ni pilipili kali ya keyeni. Hili la kutenga ndilo lililonivutia kabla sijawasha jiko. Viungo vingi vya pakiti nilivyowahi kununua huku vimekwisha kutiwa chumvi, na kipimo ni cha kiwandani. Hapa chumvi unaishika mwenyewe, ukali unaushika mwenyewe, na uzito wa mchuzi unaupima kwa jicho lako. Sisi tuliolelewa na mama anayesema "onja kwanza" tunajua thamani ya hilo.

Kwa asiyejua, chili ya Texas ni nyama iliyopikwa taratibu ndani ya pilipili na bizari mpaka mchuzi wake ushike. Jimbo liliitangaza kuwa chakula chake rasmi mwaka 1977. Watu wa huku wana msimamo: haitiwi maharage. Sehemu nyingine za Marekani hutia, lakini mpishi wa Texas ukimtajia maharage, atakuangalia kama mtu wa Tanga atakavyokuangalia ukimwambia wali wa nazi umeupika kwa maziwa ya ng'ombe.

Maelekezo yanataka paundi 2 za nyama ya ng'ombe ya kusaga, yaani kama gramu 900, kopo dogo la sosi ya nyanya la aunsi 8, na maji makopo mawili ya ukubwa huohuo. Unakaanga nyama hadi wekundu uishe, unamwaga mafuta, unatia sosi, maji na ile pakiti kubwa, unafunika na kuacha moto mdogo. Mwishoni unakoroga masa kwa maji kidogo kwenye kikombe, unaimimina, na mchuzi unashika mbele ya macho yako.

Mara ya kwanza nilifuata kila neno isipokuwa moja. Pilipili ya keyeni niliitia yote kwa mkupuo, tena mwanzoni. Watoto hawakuweza kula, ikabidi wakaangiwe mayai. Kosa lilikuwa langu, na nalieleza ili wewe usilirudie: pilipili hii haina harufu ya pilipili mbuzi, ile inayokuonya kabla haijafika mdomoni. Ni ukali mtupu, nao unaendelea kukua kadiri chungu kinavyokaa motoni. Tia robo ya pakiti, koroga, ngoja dakika kumi, kisha uonje. Nyumbani kwangu robo inatosha watu sita, na mimi naongeza yangu sahanini.

Mara ya pili niliacha nyama ya kusaga. Nilikwenda kwenye bucha la halali, nikachukua nyama ya bega, nikaikata vipande vya ukubwa wa kete za bao. Hii inataka subira, saa mbili na nusu moto mdogo, unaongeza maji moto kidogokidogo. Lakini tofauti yake ni kubwa mno. Nyama ya kusaga inabeba viungo juu juu, kipande kinavinywa. Ukiuma, bizari iko ndani. Kama una siku ya mapumziko, pika hivi, usihangaike na ya kusaga.

Mke wangu alikuja akasimama mlangoni mwa jiko, akanusa.

"Bizari nyembamba hiyo, baba watoto," akasema. "Lakini mbona iko peke yake? Wenzake wako wapi?"

Alikuwa akiuliza mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga. Ni swali la haki. Pua iliyozoea pilau inaisikia bizari na kusubiri wengine waingie, na hapa hawaingii. Lakini tulipokula alikubali jambo moja: bizari ikiachwa itawale, inaonyesha sura ambayo kwenye pilau huioni. Ina uchungu kidogo wa kukaangwa na utamu unaokuja nyuma. Pilipili nyekundu isiyo kali ndiyo inayoibeba. Nilimzuia asitie mdalasini, akanisikiliza.

Kuhusu masa, usidhani ni sembe. Mahindi yake huchemshwa kwenye maji ya chokaa kabla ya kusagwa, na ndiyo maana unga wake una harufu yake, ile ya chapati za mahindi za Meksiko. Niliwahi kujaribu sembe badala yake. Mchuzi ulishika, lakini ilikuwa kama uji uliopotea njia. Masa isiachwe, na isizidi: tia nusu, ngoja, ndipo uone kama inahitajika nyingine.

Sasa huyu mtu.

Carroll Shelby alizaliwa tarehe 11 Januari 1923 Leesburg, kijiji cha mashariki ya Texas. Nimepita Leesburg mara moja nikipeleka gari la mteja, kama mwendo wa saa mbili kutoka Dallas; ni mahali ambapo ukipiga chafya umekwisha kupita. Baba yake alikuwa akipeleka barua. Mtoto alizaliwa na tatizo la moyo, na huo moyo utausikia tena katika habari hii. Wakati wa Vita vya Pili alikuwa rubani mwalimu wa jeshi, akiwafundisha wengine kuruka hapahapa Texas. Vita vilipoisha alijaribu biashara ya malori, akajaribu visima vya mafuta, kisha akafuga kuku. Kundi la kwanza la kuku lilimpa faida. La pili lilikufa kwa maradhi yanayolegeza shingo za kuku, naye akafilisika. Sisi tuliokulia Tanga tunajua mdondo ukiingia bandani unavyokuachia uwanja mtupu asubuhi moja, kwa hiyo sehemu hii ya maisha yake sikuisoma haraka.

Alianza mashindano mwaka 1952, umri wake karibu miaka 30. Wengi huanza wangali watoto. Mwaka 1953 alitoka shambani moja kwa moja kwenda kwenye mashindano karibu na Fort Worth, hakupata nafasi ya kubadilisha nguo, akaendesha na ovaroli lake la shamba la mistari. Akashinda. Ovaroli likawa alama yake tangu siku hiyo, na picha zake nyingi za enzi zile ziko hivyo: mtu mrefu, nywele za mawimbi, ovaroli la mfuga kuku, pembeni yake gari la thamani ya shamba zima.

Mwaka 1954 alipinduka na gari huko Meksiko, akavunjika mkono. Mwaka uliofuata aliendesha Sebring, Florida, mkono ungali haujapona, ukafungwa kwenye usukani kwa utepe, na yeye na Phil Hill wakamaliza wa pili. Mimi nimewahi kuendesha lori la mchanga nikiwa na kidole kimoja kilichovunjika, kutoka Pongwe hadi mjini, na nilisikia kila shimo. Saa kumi na mbili za mashindano kwa mkono mbovu siwezi hata kuziwaza.

Kilele chake kama dereva kilikuwa Juni 1959, saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Aliendesha Aston Martin DBR1 kwa kupokezana na Mwingereza Roy Salvadori, wakashinda. Mwaka uliofuata ndio uliokuwa wa mwisho. Moyo ulikuwa umeanza kumbana kifua, na alikuwa akishindana huku ameweka kidonge cha naitroglisirini chini ya ulimi. Mwisho wa 1960 akaacha. Umri miaka 37, hana kazi nyingine, na madaktari hawampi matumaini.

Hapo ndipo kwangu mimi habari yake inapoanza. Wapo madereva hodari wengi. Waliostaafu wakajenga kitu kikubwa kuliko walichokiendesha ni wachache.

Lakini kwanza niseme habari ya Land Rover, kwa sababu bila hiyo hutaelewa kwa nini fundi wa Ngamiani anamheshimu mtu wa Texas. Nilijifunza kazi kwenye gereji ya mjomba wangu, barabara ya 12. Kulikuwa na mteja aliyekuwa akichukua machungwa Muheza kwa Land Rover 109 ya petroli. Injini ikafa, na mpya haipatikani. Mjomba akaipata injini ya dizeli ya Toyota kutoka kwenye Hilux iliyogongwa, akaniambia, "Mwanangu, hii itaingia." Kuinua injini na kuitua mahali ilipokuwa nyingine ni kazi ya mchana mmoja. Kazi yenyewe inaanza baada ya hapo. Giaboksi ya Land Rover haiijui injini ya Toyota, kwa hiyo tulipeleka kipimo kwa mkereza vyuma akatutolea bamba la kuziunganisha. Mauntini zote zikachongwa upya. Rejeta ikagongana na feni, ikasogezwa mbele. Shafti ya propela ikakatwa. Kisha ukaja mzani: pua ya gari ikazama, springi zikabadilishwa. Wiki tatu. Siku lilipotoka, lilipanda mlima likiwa na machungwa juu kwa juu, na mteja akaacha kutuita kwa majina, akawa anatuita madaktari.

Basi sikiliza alichofanya Shelby. Uingereza kulikuwa na kampuni ya AC, mjini Thames Ditton, ikitengeneza gari dogo jepesi liitwalo Ace, bodi ya aluminiamu juu ya chasi ya mabomba ya chuma. Injini yake ya silinda sita ya lita 2 ilitoka Bristol, na Bristol wakaacha kuitengeneza mwaka 1961. AC wakabaki na gari zuri lisilo na moyo. Shelby akasikia, akawaandikia barua. Hana fedha, hana kiwanda, hana injini. Marekani nako, Ford walikuwa wametoa injini mpya ya V8 ya chuma chembamba, nyepesi kuliko V8 za zamani, na walikuwa wakitafuta kitu cha kuwapiga Chevrolet na Corvette yao. Akawaambia AC ana injini. Akawaambia Ford ana gari. Mwanzoni mwa 1962 bodi na chasi ya kwanza ikaletwa kwa ndege California bila injini, na kwenye gereji ya Dean Moon, Santa Fe Springs, wakaifunga V8 ya inchi za ujazo 260, lita 4.3 hivi, na giaboksi ya Borg-Warner. Inasimuliwa kwamba ilikaa mahali pake kwa muda usiofika saa nane. Jina akaliita Cobra. Mwenyewe alikuwa akisema lilimjia ndotoni.

Ndugu zangu mafundi, angalieni hapo. Injini ya Ford haikuizidi sana kwa uzito ile ya Bristol iliyotoka, ingawa ilikuwa na zaidi ya maradufu ya ujazo. Kwa hiyo pua haikuzama kama ilivyozama ya kwetu. Lakini difu ya Ace isingeweza kuihimili nguvu ile, na AC wakaibadilisha wakaweka ya Salisbury iliyo imara zaidi. Wanaohesabu nguvu za farasi peke yake wanaisahau difu. Fundi haisahau.

Gari lilikuwa moja tu, na waandishi wa magazeti walitaka kulijaribu. Shelby akawa analipaka rangi upya kila linapokwenda kwa gazeti jingine, ili wasomaji wadhani Cobra ziko nyingi zinatoka kiwandani. Wapo watakaosema ni hila. Mimi naona mtu aliyejua gari lake ni la kweli na akahitaji muda tu wa kulithibitisha, na muda huo akaununua kwa kopo la rangi. Alithibitisha. Zilitoka karibu 1,000 miaka ile ya 60, kwanza na injini ya 260, kisha 289, kisha ile ya kutisha ya 427, ambayo ni lita 7.

Barani Ulaya, hata hivyo, Cobra ya wazi ilikuwa ikigonga ukuta wa upepo kwenye barabara ndefu ya Le Mans, na Ferrari GTO ikiipita. Kijana Peter Brock akachora bodi iliyofunikwa, nyuma yake imekatwa wima kama kwa panga. Wengine gerejini hawakuiamini. Dereva Ken Miles akaijaribu kwenye uwanja wa mashindano wa Riverside, California, na ikaonekana wazi kwamba kijana yuko sahihi. Zilitengenezwa sita tu, zikaitwa Daytona. Mwaka 1964 moja ikashinda daraja lake Le Mans na kumaliza ya nne kwa jumla, na tarehe 4 Julai 1965, siku ya uhuru wa Marekani, ubingwa wa dunia wa magari ya GT ukaamuliwa Reims, Ufaransa, ukaenda kwa gereji ya mfuga kuku wa zamani.

Mwaka huohuo wa 1965, kwetu Afrika Mashariki, Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda mashindano ya magari ya Safari wakiwa na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Fundi aliyejiandalia gari lake. Naiweka hapa kwa sababu vijana wetu wengi wa gereji wanalijua jina la Shelby kwa michezo ya kompyuta, na hilo la Joginder hawalijui, nayo ni habari ya aina moja.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Ford wakamkabidhi GT40, gari lao la mashindano, na Juni 1966 zikaingia Le Mans ya kwanza, ya pili na ya tatu, zikakata mfululizo wa Ferrari wa miaka sita. Bruce McLaren na Chris Amon ndio walioandikwa washindi. Miezi miwili baadaye Ken Miles alifariki akijaribu gari jipya Riverside, na ningependa jina lake litajwe kila linapotajwa la Shelby. Mwaka 1967 wakashinda tena, Dan Gurney na A. J. Foyt. Katikati ya yote hayo kulikuwa na Mustang GT350, ambayo ilianza kwa kung'olewa kiti cha nyuma ili ihesabike gari la michezo. Ninaye mteja mzee sana mwenye Mustang ya 1966, ya kawaida tu, injini ya 289. Kila nikiifungua boneti yake hunisogelea na kunionyesha kwa kidole ambavyo Shelby angebadilisha, kitu kimoja baada ya kingine, na hajawahi kuchoka. Yeye ndiye aliyenisimulia habari za Terlingua.

Terlingua ni mji uliokufa, magharibi kabisa ya Texas, karibu na mpaka wa Meksiko. Zamani walichimba zebaki. Shelby na wakili David Witts walikuwa na ardhi kubwa sana huko, kavu, yenye miiba. Oktoba 1967 likafanyika shindano la kupika chili, Wick Fowler wa Texas dhidi ya mwandishi H. Allen Smith, aliyekuwa ameandika kwamba hakuna aijuaye chili kumshinda yeye. Waamuzi watatu. Mmoja akampa huyu, wa pili akampa yule, na wa tatu, ambaye ni Witts mwenyewe, akaonja, akatema, akatangaza kwamba ulimi wake umeharibika na hawezi kuamua. Ikawa sare. Mpaka leo watu hukusanyika Terlingua kila Novemba kupika. Kutoka kwenye mambo hayo ndipo Shelby akaja kuuza chili yake kwenye vifurushi.

Miaka ya 1970 aliyaacha magari kwa muda, akawa anakwenda Afrika kwa shughuli za safari za uwindaji. Miaka ya 80 akarudi kufanya kazi na Chrysler. Na ule moyo? Mwaka 1990 alipandikizwa mwingine. Mei 1991, mwaka haujatimia, aliendesha Dodge Viper iliyoongoza magari kwenye mwanzo wa Indianapolis 500. Mwaka 1996 mwanawe akampa figo. Alianzisha mfuko wa kusaidia watoto wenye maradhi ya moyo, na akafa hapahapa Dallas tarehe 10 Mei 2012, umri miaka 89. Mtu aliyeambiwa mwaka 1960 kwamba hana muda.

Nirudi chunguni. Ninaposhika zile pakiti nne, naona mkono wa yule mtu wa Cobra. Hakusaga yote pamoja akakuuzia kitu kilichofungwa usichoweza kukigusa. Amekuwekea injini kando, giaboksi kando, na kukuachia kazi ya kupima. Ndiyo maana kifurushi kinamfaa mpishi anayependa kugusa. Asiyetaka kugusa atafuata maelekezo na atakula vizuri tu.

Ushauri wangu kwa jiko la Kiswahili ni huu. Anza na kitunguu maji kimoja kikubwa, kikaangwe hadi kiwe cha dhahabu, kabla ya nyama. Maelekezo hayakitaji lakini kinakaribishwa. Chumvi weka nusu, kwa sababu sosi ya kopo nayo ina yake. Kamulia ndimu mwishoni, jiko limezimwa. Usiguse nazi, nilijaribu mara ya nne, na tui likaifunika bizari yote, ikawa kitu cha katikati kisicho cha Texas wala cha Tanga. Kula na wali mweupe, au chapati ya maji nyepesi, na kachumbari yenye pilipili mbichi. Wenyeji hula na mkate wa mahindi, na huo pia tumeupenda. Mtoto wangu mdogo sasa anauomba. Kesho yake ni tamu zaidi, kwa hiyo pika jioni ya Jumamosi ule Jumapili. Kifurushi kimoja kinalisha watu sita wenye njaa, na bei yake ni dola chache. Kama wewe huna debe la bizari kutoka Mombasa, kitakufaa sana. Kama unalo, kinunue kwa ajili ya masa na kwa ajili ya jina.

Juni iliyopita ndugu yetu mmoja alikuwa akisafiri kwenda nyumbani, nikampa vifurushi viwili ampelekee Mjomba Tanga. Niliandika maelezo kwenye karatasi, na kwa sauti nikamrekodia habari yote ya Shelby, kuku, moyo, AC, Ford, ya 260 ilivyoingia kwenye gari la Waingereza. Kimya wiki nzima. Kisha akapiga mwenyewe.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Huyu mtu wako. Giaboksi aliifunga ya nani?"

"Ya Borg-Warner, Mjomba. Gia nne. Ya Kimarekani kama injini."

"Kwa hiyo hakuchonga bamba."

"Injini na giaboksi vilikuwa vinajuana."

Akanyamaza kidogo, nikamsikia akimweleza mtu pembeni yake. Kisha akarudi kwenye simu akasema kile kifurushi cha kwanza kimeisha, walipika kwa nyama ya mbuzi, na cha pili shangazi amekificha kabatini mpaka Idi, kwa hiyo nitume vingine.